Koti la Vifungo Viwili

"Viatu vyako vimeziba njia ya kiti changu," baba alisema, na mama akavisogeza kwa mguu bila kuondoa macho kwenye runinga. Baba akakishika kiti chake cha mbao kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka kikaelekea dirishani, kisha akaketi. Waliokuwa kwenye kochi wakabaki na kisogo chake, chenye nywele chache nyeupe zilizochanwa vizuri. Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri kasoro dakika tano.

Binti yao alikuwa ameketi pembeni ya mama, ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Mtaa mzima ulimwita Pini, kwa sababu ukosi wa blauzi yake haukukosa pini tano sita hata siku ya mapumziko.

"Leo msimu wa nne unaanza, baba."

"Wenye macho waangalie."

Alikuwa akiketi hivyo kila Jumapili tangu msimu wa kwanza, na tuseme ukweli, msimu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Katika onyesho la usiku wa manane, jogoo wa nyumba ya jirani na studio aliwika mara tatu, na hakuna aliyejali kuikata ile sauti. Watu wakaibatiza tamthilia yenyewe Jogoo, na jina likaganda. Mwigizaji wa meneja, mhusika mkuu, alikuwa ameandika maneno yake kiganjani, kwa hiyo kila meneja alipohuzunika alijiangalia mkono kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Halafu kulikuwa na koti. Pini ndiye aliyekuwa mtunza mavazi, kazi yake ya kwanza ya maana, na koti la kijivu la meneja alilishona kwa mkono wake mwenyewe wiki nzima. Bega la kushoto lilivimba kidogo. Hilo lingesamehewa. Lakini siku ya kurekodi onyesho la ugomvi, meneja alimfokea binti yake, akaondoka kwa hasira, na kifungo cha tatu kikanasa kwenye kitasa cha mlango kikang'oka nje ya jicho la kamera. Pini alikiokota, akakitia kwenye kopo lake la pini ili akishone kesho yake kabla kazi haijaendelea. Kesho yake akasahau. Hivyo nchi nzima ikamwona meneja akitoka ofisini na vifungo vitatu, akafika kwenye korido na viwili.

Baba alikuwa ameshona makoti ya wanaume miaka arobaini. Jumapili onyesho hilo liliporushwa, alikuwa amewaalika majirani wawili waje waone kazi ya binti yake. Walipoondoka, wakicheka chinichini huku wakitafuta viatu, alisimama, akageuza kiti.

"Koti likijirekebisha, mnishtue," alisema.

Koti lilijirekebisha. Kila kitu kilijirekebisha, polepole, msimu baada ya msimu, mpaka waliokuwa wakicheka wakawa wanaomba kuhadithiwa walichokikosa. Alikuja mwandishi mpya, mama mmoja aliyekuwa amekata tiketi za treni miaka mingi na aliyejua watu wanavyosema wanapokuwa na haraka. Meneja akajifunza maneno yake kwa moyo. Studio ikahama, jogoo akabaki. Kufikia msimu wa tatu, saluni ya mtaani kwao ilikuwa inazima mashine za kukaushia nywele kila Jumapili saa kumi ili watu wasikie vizuri.

Baba hakugeuka. Masikio, hata hivyo, hakuyaziba.

"Huyo shemeji anadanganya," aliliambia dirisha siku moja, na wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba kweli shemeji alikuwa anadanganya.

Dirisha liliambiwa na mengine pia. Pini alipoleta kazi nyumbani na kutandaza vitambaa mezani, baba alipita mara moja kama mtu anayefuata maji ya kunywa, akatupa jicho, kisha akaenda kukaa mahali pake. "Kuna watu wanalazimisha bega kwa pasi kavu," alikuwa akisema huku akitazama nje. "Bega linabembelezwa kwa mvuke." Au: "Kuna watu wanakata bitana ya ndani sawasawa na kitambaa cha nje, halafu wanashangaa koti linavutana." Pini aliendelea kukata kitambaa chake. Aliyaweka kichwani, na kesho yake kazini akafanya hivyo hivyo.

Sifa hakuzitaka. Alichotaka ni baba yake atazame, mara moja tu, halafu hata akigeuka tena potelea mbali. Na leo alikitaka kuliko siku zote, kwa sababu leo lile koti lilikuwa linarudi.

Miezi mitatu nyuma, mwandishi alikuja stoo ya mavazi, akaegemea mlango. "Mwenzangu, kile kifungo cha koti kilienda wapi?"

Pini alihisi masikio yakipata moto. Alidhani ni utani ule ule wa siku zote. Akafungua kopo la pini, alimokuwa amekiacha miaka yote, akamwonyesha.

Mwandishi alikigeuzageuza kifungo kiganjani muda mrefu. "Basi binti wa meneja ndiye anacho," alisema. "Alikiokota siku ile ya ugomvi. Amekuwa nacho miaka yote hii."

Hivyo ndivyo kosa la Pini lilivyogeuka kuwa hadithi. Mwigizaji wa binti, masikini, hakuweza kushika sindano. Alijichoma mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Ikabidi waazime mikono ya mtu mwingine. Nyumbani Pini hakusema neno. Sasa saa ilikuwa imefika, na baba asipogeuka leo, hakukuwa na kifungo kingine kilichobaki kudondoka.

Muziki wa kuanzia ukapigwa. Meneja, aliyefukuzwa kazi na kuzeeka, alikuwa amelala kwenye kiti kirefu sebuleni kwake. Koti la kijivu lilitundikwa mgongoni mwa kiti kingine. Mlango ukafunguliwa, na binti yake, aliyekuwa hajaongea naye tangu siku ile ya ugomvi, akaingia akasimama.

"Huyo ni nani aliyeingia?" baba aliliuliza dirisha.

Mama alisogea ukingoni mwa kochi. Binti kwenye runinga aliliona koti. Akaketi, akafungua pochi yake, akatoa kitu kidogo. Na kuanzia hapo mwandishi hakuwa ameandika neno hata moja, wala muziki hakutaka uwekwe. Dakika moja na nusu ya kimya.

"Umeme umekatika?"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Nyie! Nauliza, umeme umekatika?"

Kiti kililia. Liligeuka sikio kwanza, halafu bega, halafu baba mzima mzima, akiwa amekunja uso tayari kugomba.

Kwenye runinga kulikuwa na mikono miwili tu. Ilikuwa inapitisha uzi kwenye kipande cha nta. Ikaweka kifungo mahali pake, ikalaza njiti ya kiberiti juu yake, ikaanza kushona kupita juu ya ile njiti, taratibu, tundu kwa tundu. Halafu ikachomoa njiti, ikainua kifungo, na kuuzungusha uzi chini yake ili kipate shingo.

Mkunjo wa uso wa baba ukakwama njiani.

"Hiyo njiti," alisema. "Hiyo njiti ni ya kwangu."

"Ni yako, baba."

"Nilikuonyesha ukiwa darasa la tatu. Kwenye meza hii hii." Alisogeza shingo mbele. "Na hicho kidole gumba... si ndicho ulichokiunguza kwa pasi yangu?"

Mama akageuka kumtazama Pini, na macho yake yalikuwa yameshajaa machozi. Pini aliinua kidole gumba chenye kovu.

"Zungusha tena," baba aliiamuru runinga. "Mara moja zaidi, usiwe na haraka."

Mikono ikazungusha uzi mara moja zaidi.

"Ehee!" Akajipiga paja. "Ehee! Hapo hakitoki hata wakivute na trekta!"

Binti wa meneja aliinua koti ili alitazame, na baba akainuka nusu kwenye kiti. Macho yake yalikwenda mahali yalipokwenda siku zote.

"Bega la kushoto limelala."

"Nililifumua msimu wa pili," Pini alisema. "Nikalibembeleza kwa mvuke."

"Nani alikufundisha?"

"Dirisha."

Mama alicheka mpaka akaegemea mkono wa kochi. Baba alijaribu kununa, akashindwa, akacheka na yeye, kicheko cha kukohoa kilichomtoa machozi, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Msimu wa pili!" alisema. "Na mimi nimekaa hapa nahesabu matangi ya maji ya jirani!"

"Mangapi?" mama aliuliza.

"Manne. Moja linavuja."

Walicheka tena, na wakakosa alichosema meneja alipoamka. Pini alikijua, lakini hakuwaambia. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka ikambidi aweke kikombe chini kisije kikamwagika.

Kipindi kilipokwisha, majina yalianza kupanda kwenye kioo. Baba alitafuta miwani, akaikuta usoni pake, akaenda akasimama karibu na runinga mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Taratibu basi," aliiambia.

Yalipita ya waigizaji. Yakapita ya wapiga picha na wa taa. Lilipochomoza chini neno mavazi, na jina la binti yake pembeni, baba alilibana kwa kidole. Jina lilipanda, na kidole kikapanda nalo, polepole, kama alivyofuata mshono siku zote kutafuta ulipoanzia, mpaka jina likaishia kwenye ukingo wa juu wa kioo, na kidole kikabaki pale pale.