Vipimo Arobaini vya Jumapili

Saa mbili kasorobo asubuhi, skrini kubwa ya ukutani ilikuwa kijani tupu. Majokofu sita ya chanjo, mistari sita, yote kati ya nyuzi mbili na nane. Uani magari mawili yalikuwa yanapakiwa. La tatu lilikuwa limeondoka saa moja.

Mama mdogo aliingia bila hodi, ameshika boksi tupu. Kazini yeye ni mtunza ghala, na wote humwita Bibi Barafu, hata mkurugenzi.

"Mwanangu, hebu gusa lebo hii."

Ilikuwa imejikunja, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Jokofu gani?"

"La nne. Jana saa nne asubuhi niliingia kuhesabu maboksi ya safari, nikafunga. Leo mlinzi ananiambia saa moja jioni aliukuta mlango uko wazi kiganja kizima, akausukuma. Ule mpira wa mlango umechoka kuliko mimi."

Nilitazama mstari wa jokofu la nne. Jumapili nzima nyuzi tano, umenyooka kama rula.

"Dashibodi inasema salama."

"Dashibodi haina pua. Mimi nimenusa boksi lililotoa jasho."

Sibishani na pua, huwa nahesabu. Kipimajoto hutuma kipimo kila robo saa, yaani tisini na sita kwa siku. Nikafungua data iliyo nyuma ya grafu na kuhesabu vya Jumapili. Hamsini na sita. Arobaini havikuwapo.

Nilijua vilikokwenda, kwa sababu niliviondoa mimi. Wiki tatu zilizopita mkurugenzi alichoshwa na vidoti vyekundu: kila mlango ulipofunguliwa joto lilipanda kidogo, na wageni wanaokuja kukagua wakauliza maswali. Nikaweka kichujio cha kuondoa kila kipimo kilichochukuliwa kihisi cha mlango kikionyesha uko wazi, pamoja na vya saa moja baada ya kufungwa. Sikujiuliza itakuwaje mlango ukibaki wazi mchana kutwa. Grafu ilichukua kipimo cha mwisho kabla ya saa nne asubuhi na cha kwanza baada ya saa mbili usiku, ikaviunganisha kwa mstari wa kijani.

Nikazima kichujio. Mstari ukapanda hadi nyuzi ishirini na tatu na kukaa huko hadi jioni.

Mama mdogo alivuta kiti akakaa. "Basi nimewapakia watu maji."

Mkurugenzi alitokea mlangoni. "Nani kachafua skrini? Wageni wanafika saa tatu."

"Chanjo za jokofu la nne zimeharibika, bosi, mlango ulibaki wazi jana kutwa," nilisema. "Magari yasitoke."

"Ripoti nimeshaituma, kijani mwanzo mwisho. Rudisha grafu ile ya kwanza. Haya mengine tutayamaliza sisi kwa sisi."

"Ile ya kwanza imekosa vipimo arobaini."

"Nani alivitoa?"

"Mimi."

"Na mlango?"

"Mimi," alisema mama mdogo. "Leo uliza nani mpaka uchoke, majibu yapo."

Mkurugenzi alitutazama kwa zamu. "Mnajua mnachojitafutia?"

"Tunajua," nilisema. "Gari moja liko njiani."

Mkurugenzi alikwenda dirishani akawapigia kelele wapakizi wasimame. Mimi nilimpigia dereva, simu nikaiweka spika. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Mara ya tatu akapokea.

"Dada, samahani, simu ilikuwa kwenye koti. Nimeshafika zahanati, mzigo wameshapokea."

"Mpe nesi simu. Kimbia."

Nilisikia viatu kwenye sakafu, kisha mtoto akilia, kisha sauti ya nesi.

"Mmeshaanza kuchanja?"

"Tumeanza mapema, foleni imefika barabarani."

"Simamisheni. Chanjo hiyo ilipata joto. Haitawadhuru watoto, lakini haitawakinga. Itabidi warudie. Wameshachanjwa wangapi?"

Karatasi zilifunuliwa. "Kumi na mmoja."

Nyuma yangu mkurugenzi alivuta pumzi. "Kumi na mmoja tu. Kati ya watoto mia sita wa leo, hata kwenye grafu hawataonekana."

"Nesi," nilisema, "nisomee majina yao, na namba za mama zao."

Mama mdogo alikuwa ameshachukua kalamu. Watatu wa kwanza mama zao walikuwa bado kwenye benchi. Watano waliofuata, mama zao walikuwa na simu. Wa tisa na wa kumi walikuwa ndugu, wakiwa na nyanya yao, wanasubiri kadi. Kwa wa kumi na moja nesi alirudia kufunua karatasi.

"Huyu sehemu ya simu iko tupu. Ni mgeni, sijui anakaa wapi. Ametoka sasa hivi, kitenge cha njano, mtoto mgongoni."

"Ametoka kwa mlango upi?"

"Wa nyuma."

"Acha simu mezani umfuate."

Simu iligonga meza. Mlango ukabamizwa. Tulisubiri, mama mdogo kalamu mkononi. Dakika ya nne nesi alirudi akihema.

"Ninaye," alisema. "Andika: hana simu, ila jirani yake anayo."

Mama mdogo akaandika namba.