Maji Kwanza

Saa moja asubuhi Mama Pasi aligeuza nepi juu ya bomba la joto la ukutani, akazikuta mbichi vilevile alivyozitandaza jana. Akaweka kiganja kwenye bomba. Baridi tupu. Juu kabisa, ghorofa ya nne, maji yalisikika yakimiminika kwenye hodhi la kuogea la mwenye nyumba.

Alikuwa amepiga pasi hotelini miaka thelathini na moja, na jina likamganda. Sasa alikaa chumba cha chini na binti yake, aliyekuwa likizo ya uzazi, na mjukuu wa kike aliyezaliwa wiki sita kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na kilo mbili na robo. Hospitali iliwaruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja: njiti huyu asipigwe na baridi.

Fundi aliitwa, akaja na mkoba wake, akakagua mashine iliyokuwa nyuma ya jengo.

"Haijaharibika, mama," alisema akifuta mikono. "Ni pampu ya joto. Inavuta joto kwenye hewa ya nje, hata hewa iwe ya baridi, inalikusanya na kulileta ndani. Ila mashine ni moja na kazi ni mbili. Kuna vali: ikigeukia huku, inapasha maji ya tangi, ikigeukia kule, inapasha vyumba. Haiwezi kuhudumia pande zote mbili kwa pamoja. Na tangi ndilo linalotangulia."

"Kwa nini tangi litangulie?"

"Kwa kawaida maji yanapata moto kwa nusu saa, na nyumba haipoi kwa nusu saa. Vali inarudi vyumbani kabla hujatafuta sweta. Ni mpango mzuri. Tatizo ni lile hodhi."

Mwenye nyumba alikuwa na maumivu ya mgongo. Alijengewa hodhi la kutosha watu wanane, akakaa ndani peke yake asubuhi mpaka jioni, bomba likiwa wazi usiku na mchana ili maji yasipoe. Tangi halikujaa maji ya moto kamwe. Vyumba vilipata joto saa mbili tu kwa siku, alipotoka kwenda kukandwa.

"Naweza kuiwekea kikomo," fundi alisema. "Maji dakika arobaini, kisha vyumba, tangi lijae lisijae. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini namba ya siri anayo yeye."

Wakapanda. Mwenye nyumba aliwajibu kupitia mlango wa bafu, kwa adabu, kwani hakuwa mtu wa kufoka.

"Shikamoo mama. Utaratibu wa nyumba hii ni maji kwanza. Nikianza kuubadili kwa mmoja, kesho watakuja wote."

"Ni mtoto mchanga, baba."

"Mungu amkuze. Mvalisheni vizuri."

Mchana ule midomo ya mtoto iligeuka rangi. Mama Pasi alifungua blauzi, akamlaza kifuani. "Njoo, mke mwenzangu," alimwambia, "tusiwape watu cha kusema." Kisha yeye mwenyewe akaanza kupata moto. Vilianza viganja, halafu mabega, halafu kifua, polepole, kama pasi inavyoshika. Baada ya saa moja mtoto alikuwa mwekundu na amelala, na nepi iliyokuwa begani kwa bibi yake ilikuwa imekauka na kunyooka.

Binti yake alimgusa shingo. "Mama, unachemka."

"Siumwi."

"Najua. Geuka, nikuanikie na soksi."

Fundi alipita kesho yake kuwajulia hali, akatoa kipimajoto chake. Kifua nyuzi thelathini na tisa; viganja nyuzi hamsini na tano. Akaziandika kwenye daftari, chini ya vipimo vya mashine. Halafu akatazama kisanduku cheupe kilichokuwa ukutani, akakuna kichwa.

"Mama, hiki ndicho kinachoiarifu mashine kama nyumba ina baridi. Kiliwekwa hapa kwa sababu chumba chako ndicho kilichokuwa baridi kuliko vyote. Sasa kinasoma ishirini na tatu. Mashine inaamini watu wote wameshiba joto. Zile saa mbili nazo zimekwenda."

Mama Pasi aliwafikiria mshonaji wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akishona na glavu zilizokatwa vidole, na mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, ambaye kikohozi chake kilisikika mpaka chini.

"Kumbe mimi ndiye ninayewagandisha," alisema.

Akamfunga mtoto kifuani, akapanda, akaketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Majirani walifungua milango, joto likaingia. Mshonaji alivua glavu na kusogeza cherehani kizingitini.

"Aliye juu mngoje chini," alisema akitunga uzi.

"Chini huku kuna baridi, mwanangu. Atashuka kufanya nini?"

Chumba cha chini kilipoa, kisanduku kikaomba joto, na saa mbili zikarudi. Zilizobaki zilikuwa za Mama Pasi. Alikula kwa watu watatu na bado akakonda, gauni likamning'inia.

"Utaisha, mama," binti yake alimwambia.

"Kilo tatu atazifikisha lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Basi, wiki mbili."

Mtoto alizifikisha kwa siku kumi na sita. Hospitali ikasema sasa ni mtoto kama watoto wengine. Binti alimbeba akashuka naye, akisubiri mama yake afuate. Lakini mwalimu alikuwa amelala mlango wazi, kwa mara ya kwanza bila kukohoa, na Mama Pasi hakuweza kunyanyuka.

Siku moja mwenye nyumba alipokuwa akishuka kwenda kukandwa, alisimama mbele ya Mama Pasi, akaviweka viganja vyake juu ya mabega ya mama huyo kwa muda.

"Kweli kabisa wanavyosema," alimwambia fundi, aliyekuja kusafisha vichujio. "Unaona? Kikomo hakina kazi." Jioni akamletea mto wa kukalia, mzuri, wa sufu. Mama Pasi akamshukuru, kwa sababu saruji ilikuwa ngumu.

Mwezi uliofuata chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kilibaki wazi, na tangazo likabandikwa mlangoni: chumba kikubwa, joto la uhakika. Alikuja kukiangalia muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, masikio yake mekundu kwa upepo wa nje. Alipopita kwenye ngazi alipunguza mwendo, akafungua vifungo vya koti.

"Joto lenyewe ndilo hili?" aliuliza.

"Ndilo hili," alisema Mama Pasi, akajisogeza ukutani ili mgeni apate pa kukaa.