Fusae Apanda Langoni

Kimbunga cha Septemba kilipoangusha lango la hekalu la mlimani, lile la nguzo mbili na mihimili juu yake, kamati ya kijiji ilikutana, na mwenyekiti, Mzee Shigezo, akafungua kitabu chenye picha za malango ya chuma.

"Haya hayaliwi na mchwa, wala hayahitaji seremala."

Fusae, seremala pekee aliyebaki kijijini, aliweka kikombe chake chini. "Chuma hakichezi, mzee. Ardhi ikitetemeka kitang'oka na msingi wake. Nguzo za mti zikiinamiana kidogo, boriti ikazipenya na kubanwa kwa kabari bila msumari hata mmoja, lango huyumba kisha hutulia."

"Na nani atapanda kugonga hizo kabari?"

"Mimi."

Wanaume waliangua kicheko. "Bi Fusae, mungu wa mlima ni mwanamke! Ana wivu na wanawake wenzake!"

"Wivu ni kwa warembo. Si kila mwaka mnampelekea samaki mwenye sura mbaya ili afurahi? Basi na aione pua hii."

"Hakuna atakayekushikia kamba ya kuinulia mihimili," Shigezo alisema, na kikao kikavunjika.

Fusae alichonga mierezi iliyokuwa ikikauka karakanani tangu baba yake yu hai. Siku ya kusimamisha, hakutokea mwanamume hata mmoja. Walikuja wanawake wanane na mabuti yao ya shambani, mbele yao Kinuyo, muuza tofu ya soya.

"Waume zetu wote wameugua mafua leo," alisema. "Lete kamba."

Kufikia adhuhuri Fusae alikuwa amekalia boriti, akigonga kabari. Shigezo akapanda ngazi za mawe akihema.

"Shuka! Huo ni mpaka wa miungu!"

"Lango hili halijawahi kuwa na mlango, mzee. Wewe ndiye unayetaka kulitia komeo."

Papo hapo mhimili wa juu, uliokuwa ukivutwa kwa kamba, ukapinda upande. Wanawake wakaanza kuteleza matopeni.

"Shika kamba, au ondoka hapo chini!" Fusae alifoka.

Shigezo aliishika. Alivuta mpaka viganja vikachubuka, na hakuna aliyempa asante.

Jioni kamati ilileta brashi na wino. Walikubaliana kuandika nyuma ya nguzo jina la mwenyekiti, na chini yake: "binti wa marehemu seremala Genpachi."

Walichelewa. Patasi ilikuwa imeshapita, na maandishi yalizama kina cha ukucha: *Fusae, seremala.*

Kinuyo aliyasoma kwa sauti mara mbili, ili na waliosimama nyuma wasikie.