Jibu la Posa kwa Sahani Saba

Jibu nilikuwa nalo tangu Jumatano. Mjukuu wangu Nassra keshasema ndiyo, mama yake kasema ndiyo, na mke wangu Bi Biasha keshawapanga mpaka wapishi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumfikishia neno Mzee Ubwa wa Makunduchi, baba wa mposaji.

Ningelimaliza kwa dakika tano barazani kwangu Jang'ombe. Lakini mposaji mwenyewe, Mudrik, anatembeza wageni wa Kifaransa Mji Mkongwe, akaona sisi wazee tukaheshimiwe kwa chakula cha mchana katika mkahawa wa Kifaransa kule Shangani. Kalipa kabisa. Kaulizia nyama, kaulizia kama chakula kinatiwa mvinyo, kahakikishiwa yote halali. Kitu kimoja hakuuliza: chakula chenyewe kinakwisha saa ngapi.

Maana kwetu neno la posa halitolewi chakula kingali kinakuja. Mtu ale, anawe, ashukuru, ndipo neno litoke. Ukilitoa katikati ya tonge, watu watasema limesemwa na tumbo.

Tuliketi saa saba na nusu. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi aitwaye Sabri, akatuwekea sahani pana kama ungo, katikati yake kitu sawa na kifungo cha kanzu. Tukakila. Nikapangusa mdomo, nikakohoa.

"Mzee Ubwa, kwa lile jambo lililotuleta..."

Akakaa wima. Mwanawe alishakataliwa nyumba mbili, moja Mtoni, moja Bububu, na sasa alinitazama kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Supu, mabwana," akasema Sabri.

Nikameza neno langu pamoja na supu, vijiko vitatu. Nikakohoa tena.

"Kwa lile jambo..."

"Samaki, mabwana."

Samaki huyo tulimngoja mpaka kucha zikanitoboa viatu. Na alipokuja, wallahi, alikuwa mdogo hata nikataka kwenda kumwomba radhi mamaake.

Ubwa akaweka uma chini. "Sheikh Khatib, kama mnanikatalia, nambie tu. Usinizungushe na visahani."

"Nani kakukatalia? Ngoja tumalize kula."

"Kula gani? Mie nnakula tangu saa saba na nusu na nna njaa kuliko nlivyokuja!"

Simu ikalia. Bi Biasha. "Ushasema?"

"Bado, tunakula."

"Saa nzima na nusu? Mmechinja ngamia? Mtoto huku kajifungia chumbani analia, anadhani mmegombana!"

Nikamwita Sabri.

"Naam, mzee."

"Zimebaki sahani ngapi, bwana?"

"Nne tu. Barafu ya ndimu ya kusafisha mdomo, nyama, jibini, kisha aiskrimu. Kwa utulivu, kama saa moja na nusu hivi."

Ubwa akasimama, akaanza kutafuta bakora yake. Hapo nilichoka.

"Sabri, lete zote nne. Sasa hivi. Kwenye sinia moja."

"Mpishi hatokubali, mzee. Kila sahani na wakati wake."

"Mwambie nilipokuwa bandarini nlipakia meli nzima ya karafuu peke yangu kabla ya adhuhuri. Jibini halitonishinda."

Mpishi akatoka mwenyewe, Mfaransa mrefu, mikono kiunoni. Sabri akamweleza kwa lugha yao. Sijui alisema nini, lakini yalikuwa maneno mengi, na mkono wake ulikwenda mara kwa Ubwa, mara kifuani. Mpishi akamtazama Ubwa pale aliposimama na bakora yake, akarudi jikoni bila neno.

Sinia likaja.

"Kaa, mzee mwenzangu. Bismillahi."

Tulikula kwa mikono, nyama na aiskrimu, jibini likielea kwenye barafu ya ndimu. Ladha yake simtakii adui. Watalii wa meza ya pili waliacha chakula chao wakatutazama sisi. Dakika nne, sinia jeupe. Tukanawa kwa maji ya chupa.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Mzee Ubwa, mtoto kakubali, na sisi tumekubali."

Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, akakitazama, akajifuta tena.

"Jibu hili unalo tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Jumatano! Na umenitesa hivi?"

"Sikukutesa mie. Amekutesa Mfaransa."

Akanitandika kofi la bega, kofi la kweli la mkulima wa muhogo. Nyanya mbili za meza ya jirani zilianguka kwa mtikisiko. Kisha tukainua mikono tukasoma Fatiha, na Sabri, trei kwapani, akaitikia amin.