Pikipiki Isiyojua Kusubiri

"Toa mkono," mke akasema.

"Mkono gani?"

"Huo wa kulia. Hapana, toa yote miwili. Weka kichwani."

Mumewe akamwangalia kama mtu aliyeambiwa avue suruali mbele ya wakwe. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kuukuu, uani, nyuma ya chumba cha kushonea, injini inanguruma vizuri tu. Miezi miwili sasa alikuwa na wimbo mmoja: kwangu haizimi, kwako inazima, kwa hiyo tatizo siyo pikipiki. Basi akainua mikono, taratibu, akaiweka juu ya kofia yake yenye madoa ya rangi, maana kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu.

Pikipiki ikasema tu-tu-tu. Ikakohoa. Ikasema tu. Kimya.

"Imechoka tu hiyo," mume akasema.

"Rudia."

Akarudia. Mara tatu, na mara tatu ikazima. Kumbe jamani! Miaka kumi na tisa, kila mwanamume huyu akisimama mahali, kiganja chake kinavuta mafuta kidogo, kidogo kabisa, bila mwenyewe kujua, kama unavyopepesa macho. Pikipiki haikuwahi kukaa yenyewe hata dakika moja. Ilikuwa inashikwa mkono kama mtoto anayevuka barabara.

Na huko kushindwa kukaa yenyewe ndiko kulikokuwa kunamwangusha mke. Fundi cherehani huyu alikuwa amepata kazi ya sare za shule tatu, zote upande wa pili wa mji, na alitaka kupeleka mizigo mwenyewe, bila kumbembeleza mtu. Kilichobaki ni leseni. Koni za uwanjani alikuwa anazipita kama uzi unavyopita kwenye pindo. Lakini jaribio linaishia kwenye mstari wa chokaa: unasimama, unatoa gia, mguu chini, mikono yote miwili juu, na injini ibaki hai mpaka mkaguzi amalize kukuzunguka. Ikizima, umeanguka. Alishaanguka mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa leo, saa nane mchana, na ukianguka hiyo unarudi mwanzo kabisa, darasa upya, makaratasi upya, miezi sita. Shule zinafungua baada ya wiki mbili.

"Saa ngapi saa hizi?" akauliza.

"Nne na nusu."

"Shuka, bwana. Tunaifungua."

"Kuifungua kwa nini? Naongeza tu skrubu hii ya sailensi, ya mngurumo wa kusimama, inapanda, basi." Mume akazungusha. Injini ikapanda kweli, ikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama ukuta. Halafu ikashuka yenyewe. Ikapanda tena. Ikashuka, ikazima.

"Cherehani ikikata uzi huiongezi mwendo," mke akasema. "Unatafuta kinachokata."

Wakafungua kabureta juu ya meza ya kukatia vitambaa, wametandika gazeti. Mume akatoa kile kijibomba kidogo cha shaba kinachopitisha mafuta wakati injini imetulia, akakiinua kwenye jua. Tundu lake ni dogo, yaani hata sindano ya kudarizi haiingii. Lilikuwa safi, jua linapenya. Akapuliza hivyo hivyo, kwa heshima ya kazi, akarudisha kila kitu. Wakawasha. Mikono kichwani. Ikazima.

Saa sita kasoro robo. Mume akafungua plagi, akaisugua kwa kidole, akaigeuza-geuza juani.

"Nini?"

"Nyeupe. Ilitakiwa iwe ya kahawia hivi. Nyeupe ina maana inapata hewa nyingi kuliko mafuta."

"Hewa inaingilia wapi?"

"Kwenye chujio."

"Na wapi pengine?"

"Hakuna pengine."

"Pikipiki ya miaka yote hii, hakuna pengine? Wewe mwenyewe unavuja, ukilala unasikika mpaka nyumba ya tatu."

Mume akacheka bila kutaka. Mke akaingia ndani, akarudi na kile kikopo cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu mwembamba. "Washa. Ishikilie chini kabisa, isizime."

Akapiga magoti. Akadondosha tone kwenye kila kiungo, juu ya kabureta, pembeni, halafu chini, kwenye ile raba inayounganisha kabureta na injini. Hapo sauti ikabadilika. Kukohoa kukakoma ghafla, injini ikatulia, na bomba likatoa kimoshi cheupe. Sekunde mbili hivi, tone lililoziba likanyonywa lote, ikaanza tena kukohoa.

"Hapo!" wote wawili kwa pamoja.

Raba ilipotoka ilionekana nzima. Mke akaikunja, na kwa chini ikafungua mdomo mwembamba, mrefu kama kucha. Mume akampigia simu muuza vipuri, na muuza vipuri akacheka kwanza ndipo akajibu: raba ya zamani hiyo, labda wiki ijayo.

"Lete tyubu ya baiskeli," mke akasema.

"Petroli itaila."

"Iile kesho. Mimi nina shida na leo."

Akakata utepe, akausafisha, akapaka gundi, akauvuta na kuuzungusha juu ya ufa, kila mzunguko umelalia nusu ya mwenzake, kama anavyofunga ukingo wa blanketi. Mume akakaza vibanio viwili. Walipowasha injini ikaruka juu, maana skrubu ilikuwa bado imeongezwa. Mume akaishusha robo, robo tena. Mke akasikiliza, kichwa kimeinama.

"Bado. Punguza. Hapo, hapo, usiguse."

Ikakaa. Tu, tu, tu, tu.

"Nilikusema bure," mume akasema, anaiambia bisibisi. "Miezi miwili."

"Na siku nne. Haya nipe kofia ngumu."

Uwanjani, saa nane, kijana mmoja kwenye foleni akamwambia, "Mama, ikizima leo sisi tutakusukuma."

"Wewe sukuma yako, mwanangu. Ina mafuta hiyo?"

Akapita koni. Akafika kwenye mstari, akatoa gia, akaweka mguu chini, akainua mikono. Mkaguzi, mzee wa tumbo na miwani, akazunguka pole pole, akaangalia taa, akaangalia kioo, akasimama nyuma kwa muda mrefu, we acha tu. Mabega yakaanza kuuma. Chini yake injini ilikuwa inahesabu yenyewe, bila haraka, bila mtu.

"Shusha," mkaguzi akasema hatimaye. "Usizime kwanza. Saini hapa, na hapa."

Akamwekea karatasi juu ya tangi. Fundi cherehani akaegemeza mkono, akaandika. Tangi lilikuwa linatetemeka, kalamu nayo inatetemeka, na jina lake likatoka limejikunja-kunja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mshono wa zigizaga.