Panda Wawili wa Mzee Gichovi

Nyamu mwenyewe ndiye alitaka ile DNA. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Baba yake, mzee Gichovi wa Kanja, alikuwa bado mochari wakati Ireri alitokea kutoka Ishiara, mtu mfupi wa macho ya usingizi, akasema mzee alimzaa kabla hajaoa. Hapo kwao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa mchanga wa kwanza kaburini. Nyamu, aliyepewa jina la babu kama kifungua mimba, hangekubali mgeni amtangulie.

"Huyu anafanana na baba wapi?" aliuliza mkutano wa ukoo. "Ama ni kwa visigino?"

Watu wakacheka. Nyamu naye akacheka kicheko cha baba yake kabisa, kile cha kuinama na kupiga goti.

Masomo ya wanyama aliyaacha chuoni mwaka wa tatu, lakini ya panda hakusahau. "Kuna panda mkubwa na panda mwekundu. Jina moja, wote wanakula mianzi, wote wana kijifupa mkononi kama kidole gumba cha ziada. Wasomi walibishana zaidi ya miaka mia, wakiangalia meno na manyoya. Walipopima DNA ndio wakajua: mkubwa ni dubu, na yule mwekundu hata si wa nyumba hiyo. Sasa tupime huyu panda wa Ishiara."

"Nyamu, wachana na hayo maneno," mama yake, Nelius, alisema. "Mtu akisema ni wetu, mpe chakula akae."

"Mama, kwani unaogopa? Wanachukua mate tu. Wachukue hata yangu, waone mtoto halisi anakaaje!"

Nelius akaingia jikoni. Hakutoka mpaka watu wakaenda.

Majibu yalikuja Alhamisi, mazishi ni Jumamosi. Anko Runji, mwenyekiti wa ukoo, akampa Nyamu bahasha, maana ndiye alijua kusoma hivyo vitu. Nyamu akapiga meza kama ngoma. Akafungua. Akasoma mstari wa Ireri: mtoto wa Gichovi, asilimia tisini na tisa nukta tisa. Akasoma wake. Akaurudia.

"Mimi ni sufuri," alisema.

Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

"Wee Nyamu!" Runji alijifuta machozi. "Hata matanga hayakutulizi? Soma vizuri, watu wana kazi."

Angeweza kubadilisha majina hayo mawili tu, na nani angejua? Akamtafuta mama yake kwa macho. Nelius alikuwa mlangoni, leso mdomoni. Yeye tu hakucheka.

"Mama, waambie huu si mchezo."

Nelius akakaa chini palepale, kwa simiti. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Jumamosi, Ireri alitupa mchanga wa kwanza. Kisha akageuka na mchanga mwingine mkononi, akimtafuta Nyamu kule nyuma kwa majirani.

"Njoo, ndugu yangu. Mimi nilimwona mara mbili tu. Wewe ndiye ulimjua."

Runji aliangalia viatu vyake. Nyamu akainama, mkono ukapiga goti, mara moja, mara mbili, na wale waliokuwa mbali wakadhani anacheka.