Mkono wa Selpha

Ajali ilitokea mwezi wa Machi, karibu na Timboroa, asubuhi ya ukungu mzito. Omollo ndiye aliyekuwa kwenye usukani, mkewe Selpha kando yake.

"Usimpite huyo, huoni mbele," Selpha alimwambia.

Omollo akampita. Lori likawatokea usoni, akalikwepa, gari likabingirika mtaroni. Yeye alitoka bila hata mkwaruzo. Selpha alitoka akijishika nyuma ya bega la kushoto.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari kijana akasema hakuna kilichovunjika, ni misuli tu, itapoa. Omollo aliyashika maneno hayo kama mtu aliyepewa hati ya shamba.

Miezi minne ikapita na misuli haikupoa. Selpha alisema ni kama kuna kisu kimesahauliwa chini ya fupa la bega, na kila akivuta pumzi ndefu kinajigeuza. Alilala ameketi kitini. Hakuweza kusuka nywele wala kuanika nguo. Hamdi, mwanamke jirani yao wa pale mtaa wa Pioneer aliyeuza vitambaa kwenye duka la chini ya ghorofa, ndiye aliyepanda ngazi kila jioni kumkanda kwa chupa ya maji ya moto.

Omollo alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na alijisifu kwamba anaweza kumtambua mwanafunzi anayejifanya mgonjwa siku ya mtihani kabla hajafungua mdomo. Kanisani watu walimuuliza, "Mwalimu, mama anaendeleaje?" Yeye alisikia swali lingine kabisa: nani alikuwa anaendesha? Kwake, ilibidi maumivu yale yawe ya uongo. Kila alipomtazama Selpha akijikunja kitini, chuki ilimpanda.

Jumamosi moja asubuhi aliingia jikoni, Selpha akiwa amempa mgongo, akaisimamisha simu yake kwenye rafu ikiwa inarekodi. Akachukua bakuli la kioo ambalo Selpha alirithi kwa marehemu mamake, ambalo hakumruhusu mtu yeyote kuliosha.

"Selpha," aliita.

Alipogeuka, Omollo akalirusha juu.

Mikono yote miwili ikapanda. Selpha alilidaka bakuli juu ya kichwa chake. Wakati huo huo kitu kililia mgongoni mwake, kidogo, kama kijiti kikavu. Omollo alikisikia, akaamua ni bakuli.

"Kumbe mkono unaenda juu," akasema.

Selpha alipiga magoti polepole, akaliweka bakuli sakafuni, kisha akalala kando yake.

"Endelea kuigiza."

Alikata video pale pale bakuli lilipodakwa, akaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya familia ya mkewe, halafu akanywa chai. Ouma, kaka mkubwa wa Selpha aliyeishi Kisumu, aliandika: "Dada, kweli? Miezi yote hii tumefunga na kuomba?" Dada yao mdogo, Rosebella, alituma vikatuni vya kucheka.

Hamdi alipopanda asubuhi hiyo kumjulia hali, alimkuta Selpha bado sakafuni. Hakumuuliza Omollo kitu. Aliita teksi.

Safari hii alipitishwa kwenye mashine kubwa. Omollo alipofika mchana, daktari mwanamke mwenye mvi alimwonyesha picha.

"Fupa la bega lilikuwa na ufa tangu ajali. Picha ya kwanza haikuuonyesha. Ulikuwa umeanza kuunga. Sasa vipande vimeachana. Aliinua nini?"

"Alidaka bakuli."

"Nani alilirusha?"

Omollo aliitazama picha.

Selpha alifanyiwa upasuaji. Mkono wa kushoto, daktari alisema, hautapita tena usawa wa bega. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mkono umefungwa kifuani, na siku hiyo hiyo akaituma picha ya bega aliyopewa na daktari kwenye grupu. Hakuna aliyejibu. Badala yake simu ya Omollo ikalia. Alikuwa Ouma. Omollo akaiweka kwenye spika, mkewe akiwa ameketi mbele yake.

"Shemeji," Ouma alisema, "hiyo picha ametuma ni ya kweli? Ama ameitoa mahali?"

Selpha alimtazama mumewe usoni. Lilihitajika neno moja tu.

Omollo akashusha pumzi. "Mimi sitaki kuongea mabaya ya mke wangu, shemeji."

"Nimekuelewa. Pole sana. Unavumilia mengi."

"Ni maisha tu."

Selpha aliinuka, akaenda chumbani. Alijaza nguo kwenye begi, akaliburuta hadi sebuleni, akapiga goti juu yake na kuvuta zipu kwa mkono mmoja. Zipu ikakwama. Akajaribu tena, jasho likimtoka, na Omollo akamtazama kutoka kitini bila kunyanyuka. Mwishowe aliliacha begi wazi, akalibeba hivyo hivyo nguo zikining'inia, akashuka ngazi kwenda kwa Hamdi.

"Na chakula?" Omollo aliuliza.